Uhamisho wa Tano

Kagoya aliolewa na polisi mwaka uleule aliomaliza mafunzo ya ushonaji, na katika miaka kumi na mmoja iliyofuata alihama mara nne. Hakuna aliyemfukuza. Kila mara ulikuja ujumbe kutoka makao makuu, jina la mumewe likiwa katikati ya majina mengine mengi, na baada ya wiki mbili lori lilisimama mbele ya nyumba.

Mumewe, Nicanor Opolot, alikuwa konstebo. Yeye alikuwa Mteso kutoka mji wa Kumi, mkewe Msoga wa Jinja, na kwa kuwa hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, nyumba yao ilizungumza Kiswahili cha kambini tangu siku ya kwanza. Watoto wao wawili, Brendah na Apollo, walikua nacho. Hakikuwa Kiswahili cha vitabuni. Hakikujali sana ngeli. Kilijali amri, chakula, na nani kahamishiwa wapi.

Kamuli walikaa mwaka mmoja na nusu. Kagoya alikuwa ndiyo kwanza ameanza kupata wateja wa gomesi, yale mavazi marefu ya sherehe ya wanawake, walipopelekwa Bugiri. Bugiri alianza upya kwa kupunguza suruali za mitumba na kutia viraka kaptula za wanafunzi, na alipopata kazi ya kwanza ya harusi, wakarudishwa Jinja. Alikuja kuligundua jambo hili polepole, kama mtu anavyogundua kwamba kiatu kinambana: cherehani hubebeka, ujuzi hubebeka, wateja hawabebeki.

Jinja walikaa miaka minne, na miaka hiyo minne ilimharibu, kwa maana kwamba ilimzoesha. Alipanga baraza mtaa wa Walukuba. Alikuwa na daftari lenye vipimo vya watu zaidi ya mia mbili, na hakulihitaji sana, kwa sababu alijua nani amenenepa baada ya kujifungua na nani ana bega moja lililoshuka kuliko jingine. Wanawake walimpigia simu kutoka Kampala, wakimtajia rangi tu. Aliwaza kununua mashine ya pili. Akaiendea dukani mara tatu, akaigusa, akarudi.

Ujumbe ulikuja mwezi wa nne. Nicanor alirudi wakati wa chakula cha mchana, akakaa bila kuvua kofia, akamwonyesha picha ya karatasi kwenye simu.

“Mama Brendah, ile maneno imekuja.”

“Wapi?”

“Mbale. Siku kumi na nne.”

Kagoya aliendelea kupakua. Alimpa sahani yake, akakaa.

“Mimi nabaki,” alisema.

“Unabaki wapi? Hii nyumba ni ya serikali. Mimi nikitoka asubuhi, mwingine anaingia jioni.”

“Napanga chumba.”

“Na mimi kule nakula nini? Mshahara ni moja, nyumba zitakuwa mbili. Wewe piga hesabu.”

Hakuipiga. Ilikuwa kweli, na wote wawili walijua kwamba ilikuwa kweli. Wiki mbili baadaye cherehani ilikuwa ndani ya lori, imefungwa kwa godoro. Wateja ishirini na kitu aliwarudishia vitambaa ambavyo havijashonwa. Mmoja wao, aliyekuwa anaoa wiki iliyofuata, alimtukana.

Mbale walipewa kibanda cha mabati cha duara katika kambi moja ya polisi, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Cherehani ilipoingia, mlango haukufunguka wote. Zaidi ya hayo, kanuni za kambi zilikataza biashara. Kagoya aliteremka mtaa wa Namatala kutafuta mahali.

Namatala vyumba vinabanana, na watu wengi huamka bila kujua kazi ya siku hiyo itakuwa ipi: kubeba matofali, kupalilia mpunga wa watu bondeni, kufua nguo za watu wa mtaa wa Nkoma. Mwanamke mmoja aliyeitwa Nandutu, mjane aliyeuza makaa kwa kopo, alimpa nusu ya baraza yake. Nusu nyingine ilibaki na makaa. Kagoya alijifunza kufunika vitambaa vyeupe kwa shuka kila Nandutu alipofungua gunia.

Kazi haikuja haraka, na sababu mojawapo ilikuwa kinywa chake. Watu walimsalimu kwa Lumasaba, lugha ya wenyeji, akajibu kwa Kiswahili, wakanyamaza. Siku moja mzee mmoja alileta suruali, akasikia, “Lete hapa nione,” akaikunja tena suruali yake na kuondoka nayo.

“Nimemkosea nini?” Kagoya aliuliza.

“Hujamkosea,” Nandutu alisema. “Zamani hiyo lugha ilimpiga. Askari wakisema ‘lete’, walikuwa wanachukua. Wewe unasema ‘lete’, yeye anasikia wale.”

Kagoya hakuona aibu wala hasira. Aliona kwamba ni tatizo, kama sindano isiyofaa kitambaa, na tatizo la namna hiyo huwa na dawa. Akaanza kujifunza Lumasaba kwa Nandutu, kwanza salamu, kisha viungo vya mwili, kwa kuwa ndivyo fundi anavyopima: shingo, kifua, kiuno, mkono. Baada ya miezi mitano aliweza kumtania mtu kuhusu tumbo lake. Wateja wakaongezeka. Si wa gomesi, bali wa zipu, pindo na sare zilizochanika magotini. Ilitosha chumvi na sabuni.

Miongoni mwao alikuwa mwalimu Lillian, aliyefundisha katika shule ya msingi ya watu binafsi kule Nkoma. Alileta shati la mwanawe lililochanika kwapa. Aliporudi kulichukua, alipatafuta lilipochanika asipaone.

“Mama, sare ngapi unaweza kushona kwa mwezi?”

“Inategemea mikono mingapi nitapata.”

“Shule yetu inatafuta fundi. Watoto mia tatu mwakani. Shona moja ya mfano, ulete.”

Kagoya alishona sare moja ya mvulana na moja ya msichana kwa siku mbili, akapanda boda boda hadi Nkoma. Mwalimu mkuu, Bwana Wanyera, hakuangalia mbele ya shati. Aliligeuza ndani nje, akafuata mishono kwa ukucha, akavuta mfuko.

“Hii ndiyo kazi,” alisema. Kisha akafungua droo, akatoa karatasi. “Sasa niletee haya. Cheti cha usajili wa biashara. Leseni. Barua ya mwenyekiti wa mtaa kwamba anakujua. Si mimi, mama, ni kamati. Mwaka juzi fundi mmoja alitoroka na vitambaa vyote vya shule, hatukujua hata tumtafute wapi.”

Kagoya aliona kwamba kamati ilikuwa na haki. Hata yeye angekuwa kwenye kamati angedai hivyo.

Kwenye ofisi ya usajili aliambiwa aanze na barua ya mwenyekiti. Mwenyekiti wa sehemu ile ya Namatala alikuwa Mzee Yekosofati, mwalimu mstaafu, mtu mpole aliyeweka kalamu tatu mfukoni na kumpa kila mgeni kiti kabla ya swali.

“Unalala wapi, mama?”

“Kambini, na mume wangu. Lakini kazi yangu iko hapa, kwa Mama Nandutu. Wewe mwenyewe unaniona kila siku.”

“Nakuona. Lakini kumuona mtu si kumjua. Mimi naandika kwamba fulani ni mkazi wangu. Mkazi ni anayelala hapa. Watu wa kambi wana wakubwa wao. Ukipotea kesho, na ninyi mnapotea, lori moja tu linakuja, mimi nitasema nini?”

“Nikilala hapa?”

“Ukilala hapa miezi sita, nitaandika.”

Akaenda kwa Afande Sam, aliyesimamia nyumba za kambi. Afande Sam alimsikiliza akiwa amesimama. Akasema, “Mama, nikiandika kwamba unakaa hapa na unafanya biashara, nimekushtaki mwenyewe. Wacha hiyo maneno. Nenda tu, fanya kimyakimya.”

Nandutu ndiye aliyekuwa amebaki. Kama angekubali kuandikisha biashara katika baraza yake, labda mwenyekiti angelegea. Nandutu alikaa juu ya gunia, akafuta mikono yake kwa kanga ambayo ilikuwa nyeusi tayari.

“Ukiandikisha hapa, watu wa leseni watakuja kukutafuta hapa. Watakuona wewe na cherehani yako. Halafu watageuza shingo, waone makaa. Mimi leseni yangu iko wapi? Nisamehe, mwanangu.”

Kagoya alimsamehe palepale, kwa sababu hapakuwa na kosa. Hilo ndilo lililomchosha. Kama angekuwepo mtu mbaya, angemchukia, akapata nguvu. Alirudi kambini kwa miguu, akapika, akawapa watoto, na alipoinama kukoroga uji wa asubuhi akaona machozi yameingia sufuriani. Aliukoroga hivyohivyo.

Shule ilimpa kazi Magidu. Magidu alikuwa na duka la vitambaa mjini, Mwislamu wa miaka hamsini aliyesema Kiswahili kilichonyooka, kwa kuwa alinunua mali Mombasa tangu ujana. Alikuwa na kila karatasi iliyohitajika, zote zimewekwa kwenye plastiki, tena za miaka mitatu iliyopita. Alichokosa ni fundi. Siku ya tatu alisimama mbele ya baraza ya Nandutu akiwa na zile sare mbili za mfano mkononi.

“Hizi umeshona wewe, dada?”

“Ni mimi.”

“Mwalimu mkuu kanipa, kasema zote ziwe hivi. Nimezungukia mafundi wangu, hakuna anayeweza hii kola. Nikuombe tushirikiane. Kitambaa changu, usafiri wangu. Wewe ushone.”

“Kwa kila sare unanipa nini?”

Alimtajia. Kagoya alijua shule inalipa kiasi gani, kwa kuwa mwalimu Lillian alikuwa amemwambia. Alichotajiwa kilikuwa chini ya theluthi ya hicho.

“Wewe unapata nyingi kwa kusimama tu,” alimwambia.

Magidu hakukasirika. “Sisimami tu. Shule italipa baada ya miezi minne, mimi nanunua kitambaa leo. Ungeweza kungoja miezi minne?”

Hakuweza. Akakubali, akaomba jambo moja: alipwe kila Ijumaa, asingoje mwisho. Magidu akakubali, na hakukosa Ijumaa hata moja. Kagoya alitafuta wanawake wawili wa Namatala waliojua kukanyaga cherehani, akawafundisha ile kola, na kwa wiki tisa baraza haikulala. Nandutu alisogeza makaa yake uani bila kuombwa.

Siku ya kupeleka, Kagoya alikwenda na gari la Magidu ili arekebishe zitakazobana. Bwana Wanyera alimkuta amepiga magoti, pini mdomoni, akishusha pindo la mtoto.

“Kumbe ni wewe uleule,” alisema.

Kagoya alitoa pini. “Ni mimi.”

“Mwakani tafuta zile karatasi. Mimi ningependa kushughulika na mkono wenyewe.”

Alisema kwa nia njema, kisha akaenda kwenye kikao.

Mwezi wa kwanza Kagoya alipanga chumba Namatala, nyuma ya kanisa dogo la mabati, kwa jina lake mwenyewe. Hakuwahi kupanga mahali pa kulala kwa jina lake tangu azaliwe. Alimwambia Nicanor kabla ya kulipa, si baada.

“Mke wa polisi analala nje ya kambi,” Nicanor alisema. “Wenzangu watasema nini?”

“Watasema unajua kuoa. Njoo ulale huko siku ambazo huna zamu.”

“Na siku nina zamu?”

“Nitalala na watoto. Ni miezi sita tu, mwenyekiti apate kunijua.”

Nicanor hakumpiga wala hakumkataza. Alikuwa mtu wa kununa. Alinuna majuma mawili, kisha akaja na kitasa kipya cha mlango, akakifunga mwenyewe, akalala pale. Kagoya alimpelekea Mzee Yekosofati taarifa siku ileile, naye akaandika tarehe kwenye daftari la wakazi. Mkutano wa mtaa ulipoitishwa kuhusu mtaro ulioziba, Kagoya alikwenda na jembe. Msiba ulipotokea, alishona sanda bila malipo. Hakuficha kwamba alikuwa anataka kuonekana. Wakati huohuo, mtaro ule ulipita mlangoni kwake, na marehemu alikuwa mteja.

Mwezi wa tano, miezi minne na siku kadhaa tangu tarehe ile, Nicanor alikuja na simu mkononi. Safari hii alivua kofia.

“Moroto,” alisema.

Brendah, aliyekuwa na miaka kumi, akainuka bila kuambiwa, akaanza kukunja sare yake ya shule. Alijua kazi hiyo.

“Weka hiyo nguo,” mama yake alimwambia. “Kesho ni Jumanne. Utaivaa.”

Mtoto akamtazama baba, kisha mama, akaiweka. Kagoya akamtuma yeye na Apollo kwa Nandutu kuchukua makaa.

“Baba Brendah, mimi siendi.”

“Ulisema hivyo Jinja pia.”

“Jinja nilisema. Sasa nakuambia. Nikienda Moroto naanza tena kwa zipu. Baada ya miaka miwili watakupeleka Kasese. Nitakuwa na miaka arobaini, na kila mji utakuwa na mtu anayesema, hapa alikuwa fundi mmoja mzuri, sijui alienda wapi.”

“Na wewe unafikiri mimi napenda?” Sauti ya Nicanor ilipanda kwa mara ya kwanza. “Miaka kumi na tatu mimi ni konstebo. Kila kituo mkubwa anasema huyu ni mpya, ngoja tumuone. Akianza kuniona, nahamishwa. Kesi nilizoanza, sijawahi kujua moja iliishaje. Sasa unataka nihame na bila nyumba pia?”

Kagoya hakuwa amewahi kulifikiria hilo. Miaka yote hiyo aliuona uhamisho kama kitu ambacho Nicanor alikileta nyumbani, kama matope kwenye buti. Alivuta kigoda, akakaa karibu naye.

“Chumba hiki nalipa mimi,” alisema. “Chakula cha watoto mimi. Ada tugawane. Mshahara wako ule wewe, uje kila unapopata ruhusa.”

“Unanifanya mgeni.”

“Nakufanya mtu mwenye mahali pa kurudi. Tumeoana miaka kumi na mbili, hatuna.”

Hakukubali siku ile. Alikubali siku lori lilipokuja, kwa kutopakia cherehani. Aliiacha ilipo, akabeba begi moja na godoro dogo. Apollo alilia hadi akatapika. Kagoya alimfuta, akamrudisha shuleni kipindi cha pili.

Mzee Yekosofati aliandika barua mwezi wa saba, siku miezi sita ilipotimia, kwa mwandiko wa ubaoni, akapiga muhuri mara mbili kwa kuwa wa kwanza haukutoka vizuri. Usajili ulichukua wiki tano, na mara mbili alirudishwa kwa sababu jina lake kwenye kitambulisho lilikuwa na herufi pungufu. Leseni ilimgharimu karibu yote aliyokuwa ameweka. Alipoipata, alihamisha cherehani kutoka kwa Nandutu, ili watu wa leseni wamkute kwake, wasimkute penye makaa.

Shule ilimpa kazi ya nusu: sare za madarasa ya chini, mia moja na hamsini. Nusu nyingine ilibaki kwa Magidu. Kamati ilisema haiwezi kuweka mayai yote kwa mtu mpya. Kwa kuwa shule ingelipa baada ya miezi minne, Kagoya alikwenda dukani kwa Magidu, akamwambia wazi kwamba anataka kitambaa sasa. Magidu alicheka.

“Unachukua kazi yangu, halafu unataka kitambaa changu?”

“Ndiyo. Na wewe kola zako nani atazishona?”

Magidu aliacha kucheka, akaita mpima vitambaa. Walielewana: kitambaa kwa kola. Si bei nzuri sana kwa upande wowote.

Haikuwa kwamba maisha yalinyooka. Shule ilikuja kuchelewesha malipo kwa miezi miwili zaidi ya ile minne, na kuna wiki walikula mahindi ya kuchemsha aliyoletewa Nandutu na ndugu zake wa Busiu. Mmoja wa wale wanawake wawili aliondoka na sindano za mashine. Na kutoka Moroto, mke wa polisi mwingine alimtumia ujumbe kwamba Nicanor anaonekana na mwanamke muuza chai. Kagoya alimpigia simu, akamuuliza. Nicanor alikana. Kagoya hakuwa na njia ya kujua, na aligundua kwamba hiyo nayo ilikuwa sehemu ya bei ambayo hakuitaja siku ile alipokuwa anazitaja nyingine.

Nicanor alikuja kwa ruhusa mwezi wa kumi na mbili, amekonda, amechomwa na jua. Alikuta mashine tatu na wanawake watatu, na hakuna aliyekuwa amepika. Brendah alitumwa akanunue chapati za mayai. Nicanor alikula amesimama, akawasikia wateja wakiingia na kumwita mkewe kwa Lumasaba, naye akiwajibu. Alijaribu salamu yao, “Mulembe”, kwa mama mmoja aliyeleta blauzi. Aliisema kama amri ya gwaride, na yule mama akacheka hadi akashika ukuta.

“Huyu ndiye mzee wa nyumba?” mama yule alimuuliza Kagoya.

“Ndiye.”

“Anakaa wapi?”

Kagoya alimtazama mumewe, kwa kuwa swali lilikuwa lake.

“Kazi iko Moroto,” Nicanor alisema kwa Kiswahili chake. “Nyumbani ni hapa.”

Akavuta kiti, akachukua shati lililokuwa juu ya rundo, akatafuta kifungo chake. Kushona vifungo alijua. Polisi wote wanajua.